Elektroni ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Kampuni inayokiuzia sabuni kiwanda chetu cha kufulia nguo imeleta shajara za bure, kila mfanyakazi moja. Bi Wanga amesema yake ataichana awashie moto. Mimi nimeamua kuiandika. Mume wangu alipokuwa hai, nikirudi kutoka kazini nilimsimulia siku yangu yote huku akivua viatu, naye aliitikia "ehee" hata pasipohitaji kuitikiwa. Sasa nyumbani amebaki binti yake, Kibonyo, na Kibonyo hasikii.

Bi Wanga tumempa jina hilo kwa sababu yeye ndiye anayepika wanga wa kutia mashuka. Mwenyewe humwambia kila mgeni: wanga wa nguo, si wanga wa usiku.

Kibonyo ni jina alilompa baba yake kwa kile kibonyo cha shavuni. Kwa lugha ya mikono unamwita ukigusa shavu kwa kidole. Mimi naitwa Pasi: ngumi moja inateleza juu ya kiganja. Mama yake mzazi alifariki yeye hajaanza kutembea. Mimi nimeingia nyumba hii juzi tu, miaka miwili, na mwenye nyumba ameshaondoka. Alikuwa anajinyoa, akasema kifua kinambana, akakaa kitini. Hakuinuka.

Siku ya mazishi wifi yangu, dada yake mkubwa, alinishika bega akasema, "Muhula ukiisha nitakuja kumchukua mtoto." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema atarudi kuchukua sufuria zake.

Leo shule zimefunguliwa. Mvua nayo imefungua.


Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mashine moja ya kukaushia imekufa. Mashuka ya hospitali yananuka unyevu.


Alhamisi, 7 Machi

Kibonyo amerudi na daftari la kemia akaliweka mbele yangu mezani. Zamani alikuwa akiliweka mbele ya baba yake. Walikaa hapo jioni nzima, mikono ikipepea, mimi nikimenya viazi na kudakia neno hapa na pale. Mume wangu alizaliwa na mama asiyesikia, kwa hiyo lugha ya mikono aliinyonya pamoja na maziwa. Mimi niliianza ukubwani, na yangu ni ya jikoni: kula, oga, chumvi, lala, funga mlango.

Daftarini amechora duara ndani ya duara, kwa penseli, bila neno hata moja.

"Mwalimu amesemaje?" nikamuuliza.

"Sijui. Anaongea na ubao."

Akainua kidole akaandika hewani herufi moja moja, taratibu, kwa ajili yangu: E, L, E, K, T, R, O, N, I. Kisha akakunja uso wa kuuliza.

Mimi shule niliiacha kabla kemia haijaanza kuwa ngumu. Nikamwambia, "Jumapili." Ishara ya Jumapili naijua.


Jumapili, 10 Machi

Nimesoma kitabu chake tangu asubuhi, nikirudia mistari kama mtu anayetafuta sindano zuliani. Baadaye nikasogeza meza, nikaweka soksi zilizokunjwa katikati ya sakafu, nikazizungushia kamba ya kuanikia, duara dogo, la kati, kubwa. Nikaleta kikapu cha vibanio vya nguo.

Soksi ni kiini cha atomu. Kamba ni maganda. Vibanio ni elektroni. Ganda la kwanza linabeba mbili tu, basi, hata uombe vipi. La pili nane. Unaanzia ndani, ukijaza ndipo unatoka nje. Haidrojeni, kibanio kimoja. Heliamu, viwili, ganda limejaa. Lithiamu ina tatu, kwa hiyo cha tatu kinahamia duara la pili, peke yake.

Tatizo likawa maneno. Kuandika "elektroni" hewani kila mara, ungefika jioni hujatoka kwenye kaboni. Mimi nikapendekeza ishara ya kibanio. Kibonyo akakataa. Kibanio ni kibanio, akasema, na siku tukitaka kusema kibanio tutasemaje? Tukabishana. Mwishowe akainua kidole cha mwisho, kile kidogo, akakitikisa ncha haraka haraka huku akikizungusha. Ni kadogo na hakatulii. Nikakubali. Ganda tukalifanya kiganja kinachofunika ngumi bila kuigusa.

Tulifika neoni, mbili na nane, ganda la pili limejaa. Kibonyo akapiga makofi. Tangu msiba sijaona kile kibonyo chake. Leo kilitokea kidogo kikaondoka.


Jumanne, 12 Machi

Mvua. Sodiamu: mbili, nane, moja.


Ijumaa, 15 Machi

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda shuleni kumwona mwalimu wa kemia. Ni mgeni, amehamia muhula huu. Kijana mrefu, chaki hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na maneno nilikuwa nayo.

"Binti yako ni mpole sana," akaanza. "Hanisumbui kabisa."

"Hasikii, mwalimu."

"Nimeona ni mzito kidogo wa kusikia, nimemkalisha mbele."

"Hasikii kabisa. Hata ngurumo. Anakusoma midomo, na wewe unaongea umegeukia ubao."

Akatazama mikono yake. "Hakuna aliyeniambia," akasema. "Nina watoto sabini mle ndani, mama. Nilishukuru kupata mmoja anayetulia."

Hapo maneno yangu yote ya ugomvi yakaniishia. Nilitoka hata mwavuli nimeusahau ofisini.


Jumatatu, 18 Machi

Kibonyo anasema mwalimu sasa anaandika kwanza, kisha anageuka, kisha anaongea. Anafungua mdomo mpana kama mtu anayekula nyama ngumu. Darasa linamcheka, lakini anaendelea.


Alhamisi, 21 Machi

Klorini: mbili, nane, saba. Bi Wanga ameniona nikihesabu kwa vidole huku napiga pasi, akauliza kama ni maombi. Nikamweleza. Akasema tangu aanze kupika wanga hajawahi kuambiwa nao una vitu vinavyozunguka ndani, na kama angejua angepika kwa adabu.


Jumapili, 24 Machi

Tumefika arigoni: mbili, nane, nane. Vibanio vimeniishia, tukaazima kwa jirani. Kisha ikaja potasiamu, namba kumi na tisa. Kitabu kinasema mbili, nane, nane, moja. Nikaweka kamba ya nne, nikakipeleka kibanio cha kumi na tisa huko nje, nikadhani tumemaliza.

Kibonyo hakukubali. Akafungua ukurasa wa nyuma akaniwekea kidole kwenye sentensi: ganda la tatu linaweza kubeba elektroni kumi na nane.

"Humu zipo nane," akasema. "Nafasi kumi zipo wazi. Kwa nini hii ya kumi na tisa imepelekwa nje?"

Nikatazama kitabu mbele na nyuma. Hakisemi.

"Sijui," nikamwambia.

"Baba angejua."

"Labda."

Alitazama kile kibanio muda mrefu. Kisha akakichukua, akakirudisha ganda la tatu pamoja na wenzake, akaenda kulala mchana. Nimeviacha hivyo hivyo sakafuni, nimevizunguka nikipika.


Jumanne, 26 Machi

Mwalimu naye, Kibonyo alipomwandikia swali, alijibu kwa kuandika "Kariri hivyo kwa sasa." Kibonyo amenionyesha karatasi. Ameikunja mara nne.


Ijumaa, 29 Machi

Mambo ya shule ni vituko. Darasa zima limejifunza namba za mikono kutoka kwa Kibonyo, eti kwa ajili ya kemia. Kwenye jaribio la leo kila mtu kapata sawa na jirani yake, hadi makosa. Mwalimu akagundua vidole vinavyocheza chini ya madawati. Kibonyo alinisimulia akiwa amesimama, akiigiza sura ya mwalimu, na safari hii kibonyo kilikaa shavuni.

Niligeuka nimwite mume wangu aje aone. Niligeuka kabisa, na jina lake nikalitaja.


Jumamosi, 6 Aprili

Wifi amefika bila kutoa taarifa, na mfuko wa machungwa na miguu imejaa tope. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuuza vitu sokoni, maana ndiyo kazi yake: anauza misumari, rangi na kufuli. Nilimkaribisha vizuri. Mdomo wangu ulikaribisha, moyo ulikuwa umekaa mlangoni umekunja mikono.

Msibani sikuona chochote, watu walikuwa wanalia. Leo ndiyo nimeona. Nilikwenda kuchemsha chai. Niliporudi na sinia, wifi alikuwa amekaa sakafuni, ameitoa kanga mabegani, na yeye na Kibonyo wanaongea. Sijui niandikeje. Mimi nikiongea na Kibonyo ni kama mtu anayevuka barabara na mzee: tunasimama, tunatazama, tunapiga hatua. Wale walikuwa wanakimbia. Mikono, mabega, nyusi, vyote vinasema kwa pamoja. Kibonyo alikuwa anamweleza habari za elektroni. Niliona kidole kidogo kikitikisika, niliona kiganja kinafunika ngumi, na vingine vyote vikanipita. Somo nimemfundisha mimi, na sikuweza kulifuata.

Wifi akasema kitu. Kibonyo akacheka, kile kicheko chake chenye sauti ambayo yeye mwenyewe haijui, nzito, kama ya baba yake. Sikuwa nimekisikia tangu msiba.

Nilisimama na sinia mpaka chai ikashika utando juu.


Jumapili, 7 Aprili

Wifi amenifuata jikoni kabla ya kuondoka.

"Wifi, najua unanionaje," akasema.

"Sikuoni vibaya."

"Unaniona mwizi wa mtoto. Ngoja nikwambie. Mama yetu alipelekwa shule ya watoto wanaosikia. Alikaa darasani miaka, hakuna aliyemwambia neno, akatoka akiamini ni mjinga. Mpaka leo ukimuuliza kitu anasema yeye ni mjinga. Mimi nilikuwa masikio yake tangu sijaota meno ya ukubwa. Kwetu sasa kuna shule, walimu wote wanaongea kwa mikono, hata mpishi. Na bibi yake yupo, anamsubiri."

"Hapa pia anasoma," nikasema. "Kemia anaijua kuliko wenzake."

"Nimeona," akasema. "Amenieleza. Umefanya kazi."

Nilitaka anitukane. Mtu akikutukana una pa kushika. Alinikumbatia akaenda zake, na mimi nikaosha kikombe chake mara tatu.


Jumatatu, 8 Aprili

Sina la kuandika.


Jumanne, 9 Aprili

Mvua ya upepo. Paa la chumba cha kukunjia linavuja, tumeweka ndoo. Sijamwambia Kibonyo lolote kuhusu maneno ya wifi. Na yeye hajauliza.


Ijumaa, 12 Aprili

Mwalimu amekuja nyumbani. Kaloa chapachapa, ameshika mwavuli wangu mkononi, hakuufungua.

"Huu ni wako, nisingeuharibu," akasema, na mimi nikamkalisha karibu na jiko.

Alikuwa amekuja kumjibu Kibonyo. Alisema lile jibu la "kariri" lilimnyima raha, akatafuta vitabu vyake vya chuoni, akakuta hata yeye alikuwa amekariri. Akaomba vibanio. Akaongea polepole akimtazama, na pale alipokwama nilimsaidia kwa mikono, na pale nilipokwama mimi aliandika.

Ganda si chumba kimoja, alisema. Ndani yake mna vyumba, na kila chumba kina kiwango chake cha nishati. Elektroni huanza na palipo chini. Sasa chumba cha kwanza cha ganda la nne kiko chini kidogo kuliko chumba cha mwisho cha ganda la tatu, ingawa ganda la nne ndilo la nje. Kwa hiyo ya kumi na tisa inatangulia kule, na ya ishirini inaifuata, ndiyo kalsiamu. Kuanzia namba ishirini na moja zinarudi kujaza zile nafasi kumi za ganda la tatu.

Kibonyo alimsoma midomo bila kupepesa macho. Kisha akauliza kwa mikono, nami nikatafsiri: "Kwa hiyo haikufukuzwa?"

"Haikufukuzwa," mwalimu akasema. "Ndipo panapoifaa."

Kibonyo akakubali kwa kichwa, akakichukua kile kibanio yeye mwenyewe, akakipeleka kamba ya nne. Halafu akauliza watu walijuaje, na wameziona lini. Mwalimu akacheka akasema hilo ni la mwaka mwingine, acha yeye anywe chai kwanza.

Aliposimama kuondoka aliniomba nimfundishe ishara ya "asante". Aliifanya vibaya, akawa kama anamrushia mtu busu. Kibonyo akamsahihisha.


Alhamisi, 18 Aprili

Mitihani ya mwisho wa muhula imeanza. Kibonyo hali vizuri.


Jumatano, 24 Aprili

Hospitali imeleta mashuka mara mbili ya kawaida. Mvuke, mvua, mvuke. Bi Wanga anakohoa. Ndani ya kiwanda mashine zinanguruma kiasi kwamba wote tunaongea kwa mikono, na leo nimewaza: kumbe hapa sisi sote ni Kibonyo.


Ijumaa, 26 Aprili

Ripoti imetoka.

Kemia: wa tatu katika watoto sabini. Mwalimu ameandika, "Anauliza maswali mazuri." Nililiangalia hilo kwanza, nikalisoma tena na tena. Kisha nikashuka.

Historia, ameshindwa. Jiografia, ameshindwa. Biolojia, ameshindwa. Uraia, ameshindwa. Mwalimu wa historia ameandika kwa kalamu nyekundu, "Hana bidii. Hasikilizi."

Hasikilizi.

Sikuwa nimefikiria masomo mengine. Kila Jumapili na kila jioni tulikuwa sakafuni na vibanio, na mimi nikijiona mtu wa maana, nimeziba pengo la baba yake. Baba yake alikuwa akimsomesha yote, mikono yake ikikimbia. Mimi, kwa nguvu zangu zote, nimempa somo moja. Na hilo moja lilimaliza jioni zote.

Kibonyo alikuwa amesimama mlangoni akinitazama ninavyosoma. Nikamwonyesha kemia, nikampigia makofi ya mikono hewani kama wanavyofanya watu wasiosikia. Hakutabasamu. Aliyaona macho yangu yaliposhuka.


Jumamosi, 27 Aprili

Bi Wanga nimemweleza yote wakati wa mapumziko, tumekaa juu ya magunia ya sabuni.

"Kwa nini usiende naye?" akauliza.

"Sijaitwa."

Aliitoa kanga yake ya kiunoni akanipa nifutie uso, ingawa ilikuwa imejaa wanga, ukanikauka usoni nikawa kama nimepigwa pasi.


Jumapili, 28 Aprili

Nilikuwa nafua sare zake upenuni, mvua ikinyesha. Kibonyo akaja akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akasubiri nimtazame.

"Shangazi anakuja lini?"

Nikamwonyesha kwa kichwa: atakuja karibuni.

"Unataka nibaki?"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji hadi viwiko. Ukiwa na mikono majini, mbele ya Kibonyo huna mdomo. Nilishukuru. Niliiacha humo. Nilisugua kola iliyokwisha kutakata. Yeye akangoja, akiwa ameshika ukingo wa beseni.

Nikisema baki, atabaki. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Wifi hawezi kumbeba mtoto mkubwa kwa nguvu. Tungekaa wawili hapa, tungehamia mwezi ujao kwenye historia, mwezi unaofuata jiografia, na yeye angekaa darasani akitazama midomo inayogeukia ubao, na mimi ningekuwa na mtu wa kumpikia.

Nikatoa mikono, nikaifuta kwenye nguo, kidole kimoja kimoja, mpaka hakuna kilichobaki cha kufuta.

"Nenda," nikasema. "Shule ile ni nzuri. Walimu wote wanaongea kwa mikono."

"Sijauliza shule."

"Bibi yako anakusubiri."

"Sijauliza bibi. Nimekuuliza wewe. Unataka?"

Nikasema, "Nataka uende."

Ni ishara mbili tu. Nilizifanya vizuri, bila kukosea, kuliko ishara zote nilizowahi kufanya.

Akafumba macho. Mtu anayesikia akikasirika anaweza kufunga mlango, na bado utampigia kelele ukiwa nje. Kibonyo akifumba macho, hakuna pa kugonga. Alikaa hivyo, amechuchumaa, macho yamefumbwa, mvua inampiga mgongoni. Nilimshika mkono, akautoa. Sikuwa na njia ya kumwambia chochote.


Jumatatu, 29 Aprili

Haniangalii.


Jumanne, 30 Aprili

Haniangalii. Anakula kichwa kimeinama. Nikimgusa bega anatazama ukutani.


Jumatano, 1 Mei

Mvua imepungua. Haniangalii.


Ijumaa, 3 Mei

Leo mchana nilikuwa meza ya kukunjia peke yangu, Bi Wanga yuko nyumbani na kifua chake. Shuka la kitanda kikubwa halikunjiki na mtu mmoja. Unalishika kona mbili, kona nyingine mbili zinaburuta sakafuni. Nilikuwa nahangaika nalo hivyo nilipoona limenyooka lenyewe. Nikainua macho, Kibonyo ameshika upande wa pili.

Sijui aliingiaje, mlinzi huwa haruhusu watoto. Hatukuongea, mikono yetu ilikuwa imejaa. Tunavuta, tunakutana katikati, ananipa kona zake, anainama kuchukua mkunjo wa chini, tunarudi nyuma, tunavuta. Baada ya mashuka machache hakuhitaji kuelekezwa. Tulikutana katikati mara nyingi sana. Kila mara uso wake ulikuwa hapa, mbele ya uso wangu, na kila mara alinitazama.

Rundo lilipokwisha, alifuta mikono kwenye sketi.

"Ulisema uongo," akasema.

"Ndiyo."

"Nitaenda."

"Ndiyo."

"Lakini siendi kwa sababu ulisema unataka. Ujue."

Nikamwambia nimejua. Kisha tukarudi nyumbani kwa miguu, na njiani alinionyesha jina la kila mti ambao baba yake alikuwa ameupa jina la utani.


Jumatano, 8 Mei

Wifi amefika. Amelala chumba cha Kibonyo, na Kibonyo amelala kwangu. Mpaka usingizi ulipomchukua alikuwa ananieleza mambo ninayotakiwa kufanya: nimrudishie jirani vibanio vyake, nimwambie mwalimu kwamba bado anamdai jibu la watu wameziona lini elektroni, nisinunue tena ile sabuni ya manjano. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Kwa kweli nilikuwa nasema "ehee" kwa sauti, na hakuna aliyesikia.


Alhamisi, 9 Mei

Wifi ameniambia nije likizo. "Hata mwezi mzima ukitaka," akasema. "Nyumba ni ndogo lakini tutabanana." Nimemshukuru. Ni mwema. Ningekuwa nimeligundua hilo mapema, ningekuwa nimepumzika.


Ijumaa, 10 Mei

Mvua ilirudi alfajiri, kama vile ilikuwa imesahau kitu.

Kituo cha mabasi kilikuwa kimejaa maji, watu wanaruka juu ya matofali. Wifi alisimamia mizigo. Kibonyo nilimfunga vifungo vya sweta mpaka shingoni, akafungua cha juu, nikakifunga, akakifungua. Hatukukumbatiana sana. Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi kwa kiganja kuwaharakisha, na watu wakatusukuma, akapanda.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua. Sisi tuliobaki tulikuwa tumepanga mstari chini, kila mmoja mbele ya dirisha la mtu wake. Karibu yangu baba mmoja alikuwa anapiga kelele, "Ukifika upige simu, umesikia?" na kijana wake ndani anaonyesha masikio, haelewi. Mama mwingine anaandika kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu, maandishi yanatoka kinyume. Injini ilikuwa inanguruma. Hakuna aliyemsikia mtu.

Kibonyo alifuta kioo kwa kiwiko akaniuliza kama miguu imeloa.

"Imeloa," nikasema.

"Ungevaa viatu vya mpira."

"Vinavuja."

"Nunua vingine. Sasa huna wa kumnunulia sare."

"Wewe ule. Shuleni usibague chakula."

"Nitakula. Shangazi anakoroma, ulijua?"

"Nilisikia."

"Mimi ndiye niliyelala naye msibani, nilihisi kitanda kinatetemeka."

Nilicheka palepale kwenye maji. Baba yule aliyekuwa anapiga kelele akanyamaza akatutazama, kisha wengine nao. Tuliongea vizuri. Sikukwama hata neno moja, au kama nilikwama yeye alilijua kabla sijalimaliza. Tuliongea habari za bibi, za nguo zilizobaki kambani, za Bi Wanga na kikohozi chake. Basi likaanza kurudi nyuma, nikalifuata kwa upande, tukaendelea. Likageuza pua. Nikakimbia kidogo, nikiwa nimeinua mikono juu ili aione.

Yeye alikuwa ananiambia, "Wewe, ukifika nyumbani," na mkono wake wa pili ulikuwa unainuka kuanza neno linalofuata, basi likakata kona.


Jumamosi, 11 Mei

Jana nilifika nyumbani. Nilisimama mlangoni muda mrefu, kisha nikaingia, nikavua viatu, nikakaa. Sijui nilitakiwa nifanye nini.

Ningeweza kumwandikia kwenye simu ya shangazi yake, nimuulize alitaka kusema nini. Leo nimeishika simu mara kadhaa. Wamefika salama, wifi amenijulisha, na bibi alikuwa amewangoja barabarani akiwa na mwavuli.

Sijauliza. Nikiuliza atanijibu, labda ni habari ya kufunga madirisha, na itakuwa imekwisha. Acha ibaki hivyo kwanza. Kibonyo bado ananiambia kitu.